Kwenda Rubondo: namna ya kupanga safari ya kisiwani na kuwaona wanyama wake

Wengi wanaorudi kutoka Rubondo wakinung'unika walifanya kosa moja: walikwenda kulala siku moja. Waliondoka Mwanza alfajiri, wakafika kisiwani jioni wamechoka, kesho yake wakaingia msituni kutafuta sokwe, wakakosa, wakapanda boti kurudi. Rubondo si hifadhi ya kupitia njiani. Ni kisiwa kilicho kona ya kusini-magharibi ya Ziwa Victoria, mkoani Geita, na safari yako huko inapangwa na ziwa na msitu. Ukilala siku tatu unakuwa na nafasi ya kukosa leo ukapata kesho. Ukishindwa kupata siku tatu, bora uahirishe.

Mwongozo huu ni wa mtu anayekwenda kwa gharama ya kawaida: gari hadi ufukweni, boti ya hifadhi, kulala kwenye mabanda au hema la hifadhi, na kupika mwenyewe. Anayefikia kwenye kambi ya kifahari atafanyiwa mengi ya haya, ila sehemu ya wanyama inamhusu vilevile.

Wanyama gani wapo, na wametoka wapi

Hili ulijue kabla ya kufunga mzigo, maana ndilo linaloeleza kwa nini mnyama fulani anaonekana kirahisi na mwingine anakukimbia. Hifadhi nzima ina karibu kilomita za mraba 457, na nchi kavu inazidi nusu kidogo tu. Yaliyobaki ni maji, na maji hayo nayo ni hifadhi. Kisiwa kikuu kina urefu wa kilomita 28 hivi, na sehemu kubwa yake ni msitu. Kilifanywa pori la akiba mwaka 1965, wavuvi na wakulima waliokuwa wakiishi humo wakahamishwa, na mwaka 1977 kikawa hifadhi ya taifa.

Wanyama wako katika mafungu mawili. La kwanza ni la wenyeji wa kisiwa: nzohe (swala wa kwenye majimaji), pongo, kiboko, mamba, fisi maji, tumbili, kanu, chatu na kenge. La pili ni la walioletwa. Kuanzia miaka ya 1960 mtaalamu wa wanyama Mjerumani, Bernhard Grzimek, na shirika la Frankfurt Zoological Society walikigeuza kisiwa hiki kuwa mahali salama pa wanyama waliokuwa hatarini kwingineko. Twiga, mbega na tembo walizoea, wakazaliana. Korongo (swala wakubwa, si ndege) hawakudumu, na faru weusi wakamalizwa na majangili.

Walioshangaza watu zaidi ni sokwe. Kati ya 1966 na 1969 waliachiwa sokwe 17 waliotoka kwenye bustani za wanyama za Ulaya. Wengi wao walikuwa wamezaliwa porini Afrika Magharibi, wakakamatwa wangali wadogo. Wachache waliokuwa wamewazoea mno watu walileta fujo, na madume wawili walioshambulia watu ilibidi wapigwe risasi. Waliobaki wakajifunza upya kutafuta chakula, kujenga vitanda mitini na kumkwepa binadamu. Unaowatafuta leo ni watoto, wajukuu na vitukuu vyao, na wamekuwa wa mwituni kwelikweli. Ndiyo maana hupaswi kwenda ukitarajia mambo ya Gombe, ambako sokwe wamezoea watafiti tangu 1960 na wanaweza kukupita miguuni. Rubondo kazi ya kuwazoesha kuona watu ilianza miaka mingi baadaye, na kuwakosa ni jambo la kawaida.

Simba hakuna, chui hakuna, fisi wa nchi kavu hakuna. Kwa sababu hiyo matembezi ya miguu ndiyo njia kuu ya kukiona kisiwa, na ndiyo sababu pia nzohe, ambaye kwingine hajitokezi nje ya matete, hapa anatembea hadi msituni mchana.

Wakati wa kwenda

Juni hadi Agosti ni kavu. Njia za msituni hazitelezi, na hii ndiyo miezi ya kuchagua kama unakwenda kwa ajili ya kutembea na kutafuta sokwe. Ubaya wake ni upepo wa kusi: mchana ziwa linachafuka, na safari ya boti inakuwa ya kurushwarushwa na kulowa. Desemba hadi Februari ni wakati wa ndege, kwa kuwa wahamiaji wa kutoka kaskazini wanakuwa wamefika, na okidi na vipepeo wanakuwa wengi. Machi hadi Mei mvua ni kubwa. Unaweza kwenda, lakini ongeza siku moja ya akiba, kwa maana boti inaweza kukataa kuondoka.

Kuna jambo watu wa bara hawalijui kuhusu ziwa hili. Upande wa magharibi, ngurumo na mvua kubwa mara nyingi huja usiku wa manane hadi asubuhi, na sababu yake ni pepo za nchi kavu zinazokutana juu ya maji usiku. Kwa hiyo ile desturi ya "tuondoke mapema kabla jua halijawaka" si salama wakati wote. Angalia mbingu kwanza. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa Ziwa Victoria: usome jioni kabla ya kuvuka, halafu umuulize nahodha. Kipindi kizuri cha kuvuka kwa kawaida ni kati ya saa mbili na saa tano asubuhi, dhoruba ya usiku ikiwa imepita na upepo wa mchana haujaanza.

Kufika

Njia ya barabara ndiyo ya wengi. Kutoka Mwanza unavuka kwa Daraja la J. P. Magufuli, la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Zamani hapo watu walikuwa wakipanga foleni ya kivuko, na hesabu zote za muda zilizoandikwa kabla ya hapo sasa zimepitwa. Baada ya daraja unapita Sengerema na Geita, unashika barabara ya Chato hadi Muganza. Kutoka Muganza unateremka kwenye bandari ndogo ya Kasenda, unakopandia boti. Wanaotoka Bukoba wanakuja kwa njia ya Muleba na kushuka kusini hadi Muganza hiyohiyo. Ipo pia njia ya maji kutoka Nkome, lakini ni ndefu zaidi na inakuweka ziwani kwa muda mrefu. Usiichague kama tumbo lako haliwezi mawimbi.

Anayetaka kuruka, kisiwani kuna uwanja mdogo wa ndege, na ndege ndogo hutokea Mwanza. Mzigo hupimwa, kwa kawaida kilo 15 kwa mtu, na mabegi magumu ya magurudumu hayaingii vizuri. Tumia begi laini.

Lala Chato au Muganza siku ya kwanza. Ushauri huu unapuuzwa na wengi, nao ndio unaookoa safari. Ukifika Kasenda saa kumi jioni umekutana na upepo, na nahodha akisema tusubiri kesho utajikuta ufukweni bila mpango. Ukilala karibu, asubuhi unanunua chakula sokoni, unaacha gari mahali ulipokubaliana na maofisa wa hifadhi, na unavuka maji yakiwa shwari. Kutoka Kasenda hadi Mlaga, upande wa magharibi wa kisiwa, ni nusu saa hivi kwa boti yenye mashine. Kutoka Mlaga gari la hifadhi linakupeleka Kageye, makao makuu, upande wa mashariki.

Boti lazima iombwe kabla. Haikai ikisubiri abiria kama daladala. Piga simu ofisi ya hifadhi angalau siku tatu kabla, taja idadi ya watu, uzito wa mizigo na saa ya kufika, na upige tena siku moja kabla kuthibitisha. Na usikodi mtumbwi wa mvuvi ukuvushe kwa bei nafuu. Maji yanayozunguka kisiwa yamo ndani ya mpaka, na chombo kisicho na kibali kinakamatwa pamoja na waliomo.

Ndani ya boti, jaketi okozi livaliwe na kufungwa vifungo vyote kabla ya kuondoka. Kulikalia kama mto hakusaidii kitu. Mizigo mizito ikae katikati, chini. Simu na kamera ziwe kwenye mfuko usiopitisha maji, maana maji ya ziwa huingia kwa pembeni hata siku isiyo na mawimbi makubwa.

Malipo na vibali

Fedha taslimu hazipokelewi langoni. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa kwa simu au benki, na risiti inaonekana kwenye mfumo. Fanya hivyo ukiwa Chato, mtandao ukiwa mzuri, kwa kuwa kisiwani simu hushika hapa na pale. Kiwango cha raia wa Afrika Mashariki ni cha chini sana kuliko cha mgeni, lakini unapaswa kuthibitisha uraia. Beba kitambulisho cha taifa chenyewe, au pasipoti kwa anayetoka Kenya, Uganda, Rwanda au Burundi.

Kiingilio kinahesabiwa kwa saa 24. Ukiingia saa tatu asubuhi na ukatoka siku ya nne saa tano, umeanza siku nyingine. Panga boti ya kurudi ukilijua hilo. Gharama ambazo watu husahau kuziweka kwenye bajeti ni zile zinazotozwa mbali na kiingilio: boti, gari la kisiwani, matembezi na mwongozaji, kutafuta sokwe, uvuvi wa burudani, na malazi. Omba orodha kamili ya bei kwa maandishi kabla ya kuondoka nyumbani. Boti na gari hulipwa kwa chombo, hivyo watu wanne hadi sita wakienda pamoja, gharama ya kila mmoja inashuka sana.

Mzigo

Nguo kwanza, kwa sababu ya mbung'o. Mbung'o wapo, na wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego utakayoiona imetundikwa mitini imeshonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Jinzi ya bluu ni kujitafutia balaa. Vaa kaki, kijivu au kijani kilichofifia, mikono mirefu, kitambaa kizito kidogo, kwani mdudu huyu anachoma kupitia fulana nyepesi. Dawa za kupaka za mbu hazimsumbui sana. Mbu, kwa upande wake, anataka dawa, chandarua na vidonge vya kinga ya malaria ulivyoshauriwa na mfamasia.

Viatu viwe vya kufunika mguu, vyenye soli yenye meno. Soksi ndefu ni za lazima, na suruali uichomeke ndani yake, kwa ajili ya siafu. Msafara wa siafu ukikatiza njia, ruka na uendelee hatua kumi kabla ya kusimama kujikagua. Anayesimama palepale kujipangusa ndiye anayepandwa hadi kiunoni.

Kwa matembezi ya msituni beba maji lita 3 kwa mtu. Chukua darubini ya 8x42: ile ya kukuza mara 10 inatikisika mno botini. Ongeza tochi ya kichwani yenye betri za akiba, koti la mvua, na barakoa mbili kwa kila siku ya sokwe. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo chakula kipange kwenye vikapu na ndoo zenye mifuniko. Ndoo zina faida nyingine pia, kwa sababu tumbili wa Kageye wanajua kufungua mifuko ya nguo.

Chakula cha watu wawili kwa siku tatu: mchele kilo 2, unga kilo 2, maharage kilo 1 (yachemshe kabla ili usimalize gesi), mafuta nusu lita, vitunguu, nyanya, viazi, mayai kwenye trei iliyofungwa kamba, ndizi mbichi, chai na sukari. Ulizia mapema kama jiko la pamoja lina gesi au mkaa. Nyama usibebe kama huna barafu.

Siku ya sokwe

Iweke siku ya kwanza kamili, si ya mwisho. Ukikosa, unayo nyingine ya kurudia.

Kazi inaanza kabla yako. Watafutaji wa njia hutoka alfajiri kwenda pale sokwe walipolala jana. Kila sokwe mkubwa hutengeneza kitanda kipya cha matawi kila jioni, juu mitini, na wakishuka asubuhi wanaacha alama: majani yaliyovunjwa, mikojo chini ya mti, makapi ya matunda. Wakipatikana, redio inalia na wewe unaanza kwenda. Kwa hiyo uwe umeshakula na umevaa saa kumi na mbili asubuhi, kisha usubiri. Wito unaweza kuja saa moja au saa nne. Anayelalamika kwamba "tumekaa tu" hajaelewa kwamba kukaa kambini ni nafuu kuliko kuzunguka msituni bila mwelekeo.

Wakisikika kabla ya kuonekana, sauti zitakuwa mbili. Ya kwanza ni kelele zinazopanda taratibu, kuhema kukigeuka mayowe, na zinasafiri mbali sana. Ya pili ni ngoma: dume anapiga teke mizizi bapa ya mti mkubwa. Sauti ikikoma ghafla ujue wamewasikia. Hapo mwongozaji atawasimamisha, na kusimama maana yake ni kusimama kimya, bila kunong'ona.

Chakula ndicho kinachokueleza pa kutazama. Msitu wa Rubondo umejaa mitambaazi mikubwa, na sokwe hawa wanautegemea sana mbungo, uleule unaozaa mabungo ya juisi watu wa pwani wanayoyajua. Ukiona maganda ya mabungo ya rangi ya chungwa chini, yaguse. Yakiwa bado yana unyevu na utomvu mweupe unanata, sokwe wako karibu. Yakiwa yamekauka na kuwa kahawia, walipita jana au juzi. Mikuyu yenye matunda nayo ni ya kusubiriwa.

Mkiwapata, vaeni barakoa mara moja, kaeni mita 10 au zaidi, na muda ni saa moja tu. Hakuna kula, kutema mate wala kupiga picha kwa mwanga wa kamera. Ukibanwa na haja, mwambie mwongozaji, mrudi nyuma kabisa. Sababu ni mafua. Sokwe wanashikwa na virusi vya njia ya hewa vinavyotoka kwetu, na kilichokuwa kikohozi kidogo kwako kinaweza kuua kundi. Ukiamka na mafua au kuhara siku hiyo, sema. Utanyimwa msitu, na ni haki. Watoto wadogo hawaruhusiwi, kwa hiyo uliza umri wa chini unapoomba nafasi.

Kwa picha: chini ya miti kuna giza kuliko unavyodhani. Weka kasi ya 1/250 na uiachie kamera ipandishe ISO hadi 3200. Sokwe ni mweusi, na akiwa juu ya tawi mbele ya anga, kamera itampiga kama kivuli kitupu. Ongeza mwanga kwa hatua moja hadi moja na nusu.

Nzohe na pongo: usiwachanganye

Nzohe ndiye mnyama ambaye, kwa maoni yetu, anastahili safari hii kuliko sokwe, ila hatangazwi. Hapa Tanzania ni pachache unapoweza kumwona kwa utulivu hivi. Mtafute saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi jioni, kwenye matete na mabwawa ya mafunjo, kisha ukingoni mwa msitu.

Tatizo ni kwamba pongo naye yupo, na jike wa wote wawili ni mwekundu wa kahawia mwenye mistari na madoa. Angalia kwanza miguu. Kwato za nzohe ni ndefu kupita kiasi, za dume hufika karibu sentimita 18, nazo zimetanuka ili asizame topeni. Alama yake chini ni vidole viwili virefu vilivyoachana, wakati ya pongo ni fupi na imebana. Kisha manyoya: ya nzohe ni marefu, yamevurugika, yanaonekana yamelowa hata kama hayajalowa. Ya pongo ni mafupi na safi. Dume la nzohe ni kijivujivu-kahawia, linaweza kuzidi kilo 100, na pembe zake zina mzunguko mmoja na nusu au zaidi. Pongo dume ni mdogo sana kwake. Mwishowe mwendo: nzohe nchi kavu anatembea kama viatu vinambana, mgongo umeinuka nyuma. Akishtuka anakimbilia majini, anaweza kuzama akabakiza pua tu. Pongo anabweka na kupotea vichakani.

Ukimwona, usimsogelee moja kwa moja. Pita kwa pembeni kama unayekwenda zako, simama nyuma ya shina, subiri. Kinachomkimbiza zaidi ni harufu na mlio wa begi la nailoni unaposugua majani.

Tembo, na kwa nini mlinzi anatangulia

Waliachiwa sita tu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wamezaana sana. Tembo wa msituni huwezi kumwona mita 100 mbele. Utamwona mita 15, na hapo umechelewa. Hivyo mlinzi mwenye silaha anatangulia, nanyi mnafuata kwa mstari mmoja, hatua mbili kati ya mtu na mtu. Kinyesi kinachong'aa kwa unyevu na chenye joto ndani ni cha muda mfupi uliopita. Kilichokauka juu na kuanza kupasuka ni cha jana. Mlinzi akichota vumbi na kulimwaga anapima upepo. Akigeuka na kuonyesha nyuma kwa mkono, rudini mlikotoka taratibu bila kuuliza maswali. Maswali baadaye.

Ziwani jioni

Boti ya saa kumi jioni ndiyo itakayokupa wanyama wengi kwa muda mfupi. Muombe nahodha aende polepole kandokando ya ufuo wenye mikindu na mafunjo, mita 30 hivi kutoka nchi kavu, na azime mashine mkifika kwenye ghuba zilizotulia.

Mamba wanaota jua kwenye mawe na mchanga. Viboko wako makundi, na boti isiingie kati yao na kina cha maji. Fisi maji ndiye mwenye kuhitaji macho. Anakuwa na kichwa bapa kinachokata maji na kuacha mkondo wa umbo la V, kisha anazama na mkia unaonekana mwisho. Mamba hatoi mkondo akiwa ametulia, na kenge anapoogelea anajipinda mwili mzima. Ukishuka kwenye jabali lenye kinyesi, kiangalie: kikiwa kimejaa magamba na miiba ya samaki wadogo, ni choo cha fisi maji, na asubuhi wanaweza kurudi palepale.

Kwa ndege, furukombe hutamhangaikia, utamsikia akilia kila ghuba. Minandi na mbizi wanakausha mabawa kwenye miti mikavu. Ukitaka kuwatofautisha, shingo ya mbizi ni nyembamba kama ya nyoka na mdomo umenyooka bila ndoano. Yangeyange, kwarara na mdiria ni wengi. Kasuku wa kijivu waliopo waliletwa pia, baada ya kukamatwa kwenye biashara haramu. Wasikilize asubuhi juu ya miti mirefu.

Usiogelee. Sababu ya kwanza ni mamba, lakini hata pasipo mamba kuna kichocho, ambacho huingia kupitia ngozi kwenye maji ya pembeni yenye konokono. Maji ya kuoga yawe yamechemshwa, au yametulia tangini kwa siku mbili bila konokono. Ukilowa miguu ukishuka botini, jifute mara moja na taulo kavu, halafu upime baada ya wiki 6 hadi 8. Ya kunywa, chemsha yatokote vizuri au weka dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Usiku viboko hutoka kula nyasi na wanaweza kufika hadi karibu na malazi. Usiende chooni bila tochi, mulika pande zote kabla ya kufungua mlango, na ukiona macho yanang'aa gizani, rudi ndani. Kamwe usijikute kati ya kiboko na maji.

Uvuvi wa sangara kwa fimbo na mashine ya kukunjia unaruhusiwa kwa kibali, kwenye maeneo utakayoonyeshwa. Maji mengine yamefungwa kwa sababu ni mazalia. Uzi wa kilo 15 hautoshi, kwa kuwa sangara anaweza kupita kilo 100 na akiingia kwenye mawe anaukata. Tumia wa kilo 25 hadi 35, na kipande cha mwisho kiwe kizito zaidi. Samaki usiyeruhusiwa kubaki naye, mtoe ndoana akiwa bado majini.

Siku ya kutoka na wiki zinazofuata

Taka zote zirudi na wewe bara, pamoja na betri. Droni usiilete bila kibali maalumu, itazuiliwa langoni. Thibitisha boti jioni ya kuamkia kuondoka, uwe Mlaga saa mbili asubuhi, na usipange ndege ya kutoka Mwanza siku hiyohiyo.

Ukipata homa, maumivu makali ya kichwa au uvimbe mwekundu pale ulipong'atwa, ndani ya wiki chache baada ya kurudi, nenda hospitali. Usimwambie daktari kwamba unahisi malaria. Mwambie ulikuwa kisiwani Rubondo na uling'atwa na mbung'o, ili darubini ya maabara itafute pia malale, ugonjwa unaoletwa na mdudu huyo.